Hangari ya kanisa kwenye udongo wa maji: tuanze chini kabla ya kununua mabati



Katika makanisa yetu mengi ya mashariki, jengo la kwanza si la matofali. Ni hangari: nguzo, paa la mabati (malata, kama tunavyosema hapa kwetu), na pembeni wazi au ukuta mfupi. Ndani yake tunaabudu, tunafundisha watoto, tunakaa na wafiwa, tunafungisha ndoa. Na mtaa unapojaa maji, familia zilizopoteza nyumba hulala humo.

Sisi tulijifunza kwa hasara. Hangari yetu ya kwanza tuliijenga upesi. Sadaka ya miaka miwili karibu yote tuliiweka kwenye mabati, maana mabati ndiyo watu wanayoyaona. Nguzo tulizichimbia nusu mita, tukashindilia udongo kwa miguu. Mvua za Desemba zikailowesha ardhi majuma mawili, kisha alasiri moja upepo ukaja. Paa halikuchanika. Liliondoka zima pamoja na nguzo saba, zilizong'oka kama mihogo, likaangukia barabarani. Ilikuwa Jumanne, hapakuwa na mtu. Ingekuwa Jumapili, tungezika watu.

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, anayejenga nyumba mpya anaagizwa kuweka ukingo kwenye dari, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Basi usalama wa jengo si kazi ya fundi peke yake. Mchungaji, wazee wa kanisa na kamati ya ujenzi wataulizwa pia. Tumekusanya hapa yale tunayotamani tungeyajua mapema, hasa kwa makanisa ya mabondeni, kando ya mito na maziwa, na vijijini ambako mhandisi hafiki kwa urahisi.

Hangari inaangushwa na nini

Nyumba ya matofali ni nzito, na hofu yake kubwa ni kuzama. Hangari ni nyepesi, na hofu yake kubwa ni kuinuliwa. Upepo unapita juu ya paa na kulivuta, na kwa kuwa pembeni pako wazi, unaingia pia chini na kulisukuma. Kwa hiyo msingi wa hangari una kazi mbili: kuibeba isizame na kuishika isiruke. Mafundi wengi wanaijua kazi ya kwanza na kuisahau ya pili.

Maji yanaongeza hatari hiyo. Udongo uliolowa hauishiki nguzo kama udongo mkavu. Na msingi wenyewe, ukizama ndani ya maji, unakuwa mwepesi, kama jiwe linavyokuwa jepesi ukilinyanyua ndani ya mto. Dhoruba kubwa mara nyingi huja katika majira yale yale ambayo ardhi imeloa. Hesabu yake tunaitoa hapa chini.

Kuujua udongo

Kamati inaweza kuupima udongo kwa jembe, chupa na siku chache za uvumilivu.

Kwanza, chimbeni shimo la mita moja na nusu mahali ambapo hangari itasimama, mwishoni mwa majira ya mvua. Kwetu Lubumbashi mvua huanza karibu na Novemba na kupungua Machi na Aprili, kwa hiyo Machi ndio mwezi wa kuchimba. Liacheni siku mbili. Maji yakijaa mpaka nusu mita kutoka juu, mmejua kwamba msingi wenu utalala ndani ya maji. Lizungushieni shimo uzio, watoto wasikaribie. Kuta za udongo uliolowa huporomoka bila taarifa.

Pili, chukueni udongo wa chini ya shimo, ujazeni theluthi moja ya chupa, ongezeni maji na chumvi kidogo, tikiseni, kisha wekeni mezani. Mchanga hutua ndani ya dakika moja. Udongo tope hutua baada ya saa mbili hivi. Kinachobaki kikichafua maji mpaka kesho yake ni mfinyanzi. Unene wa kila tabaka unaonyesha mnajenga juu ya nini.

Tatu, pimeni kusinyaa. Kandeni udongo huo kwa maji, jazeni kibao chenye urefu wa sentimita 30, uacheni ukauke kivulini. Ukipungua zaidi ya sentimita 2 na nusu, huo ni udongo unaovimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi. Ndio unaopasua kuta na kusukuma nguzo.

Katika maeneo yetu tunakutana hasa na udongo wa aina nne.

*Udongo mwekundu wa uwanda wa Katanga.* Huu ni mwema. Ukishindiliwa vizuri unabeba bila shida. Adui wake ni maji yanayokimbia juu yake: mfereji mdogo usiotunzwa huwa korongo katika mvua chache.

*Udongo wa vichuguu.* Vichuguu vikubwa vya Haut-Katanga vinaweza kufika mita nane kwenda juu, na udongo wake wa mfinyanzi ndio tunaochomea matofali. Kwa matofali ni mzuri. Kwa msingi ni mtego. Kiwanja kikisawazishwa kwa kukata kichuguu, nusu ya hangari hukaa juu ya mfinyanzi wenye mashimo ya mchwa, na nusu nyingine juu ya udongo wa kawaida. Pande hizo mbili hazitatulia sawasawa. Afadhali hangari yote ikae nje ya kichuguu, na kama haiwezekani, chimbeni mpaka muufikie udongo usio na mashimo. Tena mchwa wenyewe hawahami kwa sababu kanisa limefika.

*Udongo mweusi wa mabonde.* Unapatikana kwenye dembo, yale mabonde ya majani yanayolowa kila mwaka, na pia katika sehemu za tambarare ya Ruzizi. Wakati wa kiangazi unapasuka mpaka mkono unaingia. Hapo msingi ushuke chini ya mwisho wa nyufa, mara nyingi mita moja au zaidi, na maji ya paa yapelekwe mbali.

*Mchanga wa kando ya ziwa na mito.* Ukiwa umetulia unabeba, lakini maji yanayopita huufagia. Hapo msingi hauvunjiki. Unachimbuliwa mpaka unabaki hewani. Ushukeni chini zaidi, uwe mpana, na uzungukeni kwa mawe makubwa.

Kuyajua maji

Kabla ya kumuita fundi, waiteni wazee. Waulizeni maji yalifika wapi katika mwaka mbaya kuliko yote wanaoukumbuka. Tafuteni alama kwenye magome ya miti na kwenye kuta za zamani. Wekeni kigingi mahali hapo.

Msidanganywe na miaka mitulivu. Ziwa Tanganyika linatufundisha hilo. Mnamo 1878 lilipanda sana mpaka likafungua njia kupitia mto Lukuga, pale Kalemie ilipo leo, kisha likashuka mita nyingi. Lilipanda tena katika miaka ya 1960 baada ya mvua kubwa. Watu wakasahau, wakajenga mpaka ukingoni. Mwaka 2024 ziwa likaingia nyumba za watu Uvira na Kalemie. Eneo ambalo ziwa lilishika zamani linaweza kushikwa tena, hata kama leo lina hati ya kiwanja.

Pambanueni pia ni maji gani yanayokuja kwenu, maana yako ya namna tatu.

Maji yaliyosimama, kama ya dembo au ya ziwa, hupanda polepole na kukaa majuma. Dawa yake ni kuinua sakafu, kuepuka mbao zinazooza, na kuwa na msingi mzito.

Maji yanayokimbia, kama yale ya mto Mulongwe yaliyobomoa mitaa ya Uvira mwezi wa Aprili 2020, husukuma na kuchimba. Dawa yake ni kukaa mbali na mkondo na kuacha njia wazi ili maji yapite.

Maji yanayobeba matope na mawe kutoka mlimani hayana dawa ya ujenzi. Mwezi wa Mei 2023, katika Kalehe, mafuriko ya namna hiyo yaliua watu zaidi ya 400 katika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Hakuna nguzo wala zege la kijijini litakalosimama hapo. Kama kiwanja chenu kiko kwenye mdomo wa korongo la mlima, na chini yake mnaona mawe makubwa ya mviringo yaliyoletwa na maji ya zamani, jibu ni moja: hamieni kiwanja kingine. Ni neno gumu kwa kanisa lililopewa kiwanja bure, lakini lisemwe.

Hesabu ya msingi

Tuchukue hangari ya upana wa mita 8 na urefu wa mita 15, yenye nguzo sita kila upande, mita 3 kutoka nguzo moja hadi nyingine. Kila nguzo ya katikati inashika sehemu ya paa ya mita 3 kwa 4, yaani mita 12 za mraba.

Upepo wa kilomita 100 kwa saa unaweza kulivuta paa kwa nguvu ya kilo 45 hivi kwa kila mita ya mraba. Mita 12 mara 45 ni kilo 540 zinazovuta kwenda juu. Mabati na mbao zake vina uzito wa kama kilo 15 kwa mita ya mraba, yaani kilo 180. Tukiondoa, zinabaki kilo 360 ambazo nguzo moja lazima izishike chini. Na upepo ukiwa na mwendo mara mbili, nguvu yake huwa mara nne.

Zege, yaani beto, lina uzito wa karibu kilo 2,400 kwa mita ya ujazo. Shimo la sentimita 60 kwa 60, kina 70, likijazwa zege linatoa kilo 605. Kwenye kiwanja kikavu hiyo inatosha na akiba inabaki.

Sasa ingizeni maji. Zege likizama, kila mita ya ujazo inapoteza kilo 1,000. Zile kilo 605 zinabaki kama 353, pungufu ya zile 360 tunazohitaji. Hangari ile ile, fundi yule yule, simenti ile ile: wakati wa kiangazi inasimama, na wakati wa mafuriko inaondoka. Kwa hiyo bondeni fanyeni shimo la sentimita 80 kwa 80, kina 70. Linatoa kilo 1,075 likiwa kavu na kama 627 likiwa majini. Chini lipanuliwe kidogo kuliko juu, kama mguu wa tembo, ili udongo unaolilalia nao usaidie kushika.

Kamati itauliza bei. Mashimo 12 ya namna hiyo, kwa mchanganyiko wa ndoo 1 ya simenti, 2 za mchanga na 4 za kokoto, yanahitaji mifuko ya simenti kama 33 ya kilo 50. Mkitumbukiza ndani ya zege mawe safi magumu kwa kiasi cha theluthi ya ujazo, bila mawe kugusana, mifuko inapungua mpaka kama 23. Mawe yanaweza kubebwa na vijana na kina mama siku ya kazi ya kanisa.

Hesabu hii ni ya kuwafungua macho. Hangari ikiwa kubwa zaidi, au ikiwa na nguzo chache, au kiwanja kikiwa kwenye upepo mkali, tafuteni mhandisi aihakikishe. Lubumbashi na Bukavu kuna wahandisi ndani ya makanisa yetu wenyewe; wengi hawajawahi kuombwa.

Nguzo

Mbao huoza mahali inapotokea ardhini, pale unyevu na hewa vinapokutana. Kwa hiyo mti usiingie kwenye udongo kabisa. Tengenezeeni kila nguzo kiatu cha chuma: vipande viwili vya chuma bapa vilivyozama ndani ya zege angalau sentimita 40, vikashika nguzo kwa bolti mbili, na mti ukae sentimita 15 au zaidi juu ya zege. Hapo mchwa akipanda utaiona njia yake kabla hajafika kwenye mbao. Mninga, ambao kwetu wengi wanauita mulombwa, hustahimili kuliko mikaratusi, lakini hata mninga uliochimbiwa kwenye dembo utaoza mwishowe.

Nguzo za chuma nazo zina adui: kutu. Zizibeni midomo ya juu, zipakeni rangi, na zege lipande juu ya ardhi lenye mteremko ili maji yasituame kwenye kisigino.

Kisha fungeni pembetatu. Nguzo mbili na boriti hufanya mraba, na mraba husukumwa ukalala. Mkiweka mkingamo wa mshazari kona kwa kona, katika pembe zote nne za hangari na pia kwenye paa, hausukumiki.

Paa

Upepo hutafuta kiungo dhaifu. Kama msingi ni mzito lakini mbao zimeshikwa kwa msumari mmoja, paa litaacha nguzo zimesimama na kwenda lenyewe. Kwa hiyo kila kiungo kifungwe: nguzo na boriti, boriti na kenchi (sharpanti), kenchi na mbao za juu, mbao na mabati. Msumari uliopigwa kutoka juu hung'oka kwa kuvutwa juu. Utepe wa chuma uliozungushwa juu ya mbao na kupigiliwa pande zote mbili haung'oki kirahisi. Chuma chakavu cha mapipa kinatosha kwa kazi hiyo.

Paa lililolala sana huinuliwa zaidi. Lipeni mteremko wa kutosha, kama nusu mita ya kupanda kwa kila mita moja ya upana. Paa lenye miteremko minne halisumbuliwi sana na upepo kama lenye miwili. Mabati yasitokeze nje sana. Pembeni na kwenye kilele misumari iwe mingi zaidi kuliko katikati, na ipigwe juu ya mgongo wa bati, wala si kwenye bonde lake ambapo maji hupita.

Sakafu, kuta na mifereji

Sakafu ikae juu ya kile kigingi cha wazee, sentimita 30 zaidi. Jazeni udongo mwekundu wenye changarawe kwa tabaka za sentimita 15, kila moja ikishindiliwa kabla ya nyingine. Udongo mweusi wa dembo usitumike kujazia.

Ukuta mfupi usizibe mkondo. Maji ya kina cha mita moja, hata yakiwa yametulia, husukuma ukuta kwa karibu kilo 500 kwa kila mita ya urefu. Ukuta wa mita 15 unapokea tani saba na nusu. Acheni nafasi nyingi kwenye ukuta ili maji yaingie na kutoka, na kimo chake kiwe sawa ndani na nje. Benchi na vyombo vitalowa, lakini hangari itabaki.

Mfereji uzunguke hangari yote na kumaliza safari yake mahali penye majani au mawe, si kwenye kiwanja cha jirani. Tumeona ugomvi wa majirani ulioanzia kwenye maji ya paa la kanisa.

Na radi: mashariki mwa Kongo ni kati ya maeneo yanayopigwa na radi zaidi duniani. Paa la mabati liunganishwe kwa waya mnene wa shaba mpaka kwenye vyuma virefu vilivyozikwa ardhini, katika pembe mbili angalau, mbali na mlango wanakopita watu.

Mpango wa kazi na wa sadaka

Machi chimbeni shimo la majaribio. Mei mpaka Julai, ardhi ikiwa imekauka, jengeni msingi. Agosti nguzo na kenchi, Septemba mabati. Oktoba iwe ya kukagua kila bolti na kusafisha mifereji. Na ukaguzi huo urudiwe kila mwaka. Wateueni mashemasi wawili wenye orodha mkononi.

Pesa ikiwa haitoshi, jengeni msingi wote mwaka huu na kuabudu chini ya turubai. Katika Luka 14, Bwana anasema juu ya mtu anayeketi kwanza kuhesabu gharama ya mnara. Katika Luka 6:48, mjenzi mwenye busara anachimba chini sana kabla hajaanza kupanda juu. Washirika watalalamika kwamba sadaka imefukiwa ardhini na hakuna kinachoonekana. Sisi tulilalamikiwa hivyo tulipojenga mara ya pili. Tuliwapeleka wazee mpaka kwenye mashimo, tukawaonyesha hesabu ya kilo kwenye karatasi, tukawakumbusha nguzo saba zile barabarani. Mama mmoja mzee akauliza kama shimo moja linaweza kuandikwa jina la mume wake marehemu. Tukaliandika kwenye zege likiwa bado bichi. Baada ya hapo kila jumuiya ilitaka shimo lake.

Hangari hiyo ingali imesimama. Mvua zikikaribia tunazunguka nguzo moja baada ya nyingine, tukiwa na spana na ndoo ya lami. Makanisa yatakayoanza kujenga mwaka huu, anzeni na shimo la Machi.